Kaseti ya Siku ya Kwanza

Gaudensi aliirudisha kaseti mwenyewe, ingawa kituo chake cha redio kilikuwa na vijana tele wa kutumwa. Leokadia aliipokea, akaigeuza polepole. Ndani yake marehemu mumewe, Severini, alikuwa akifungua redio ya muziki wa roki aliyoianzisha na Gaudensi, siku ya kwanza. Sauti yake haikubaki popote pengine.

"Shemeji, mbona unaikagua kama noti bandia?" Gaudensi alicheka. "Tumeisikiliza tu, kwa ajili ya sherehe ya kituo."

"Bango la sherehe nimeliona sokoni. Mwanzilishi ni wewe peke yako."

"Ah, vijana wa matangazo hao! Nitawagombeza."

Leokadia alipitisha kidole mgongoni mwa kaseti. Severini alikuwa na desturi yake: akimaliza kurekodi, alivunja kile kijiplastiki cha mgongoni mwa kaseti, ili mtu asiweze kurekodi tena juu yake. Sasa tundu lile lilikuwa limezibwa kwa selotepu mpya, inayong'aa. Mtu anayetaka kusikiliza tu hana haja ya kuliziba.

"Kaa, shemeji. Tusikilize wote."

"Nina haraka kidogo."

"Tangu lini ukawa na haraka na Severini?"

Gaudensi alikaa ukingoni mwa kiti. Leokadia akaitumbukiza kaseti redioni, akabonyeza. Mkanda ukaanza kuzunguka, ukitoa mvumo mtupu. Akainamia spika, akisubiri gitaa, na baada ya gitaa, salamu ya mumewe. Gaudensi alikuwa akiutazama mlango.