Nywele za Mbodze

Siku ya tatu ya matanga, wembe ulizunguka ua mzima ukawanyoa wana wote wa marehemu, isipokuwa Mbodze. Sheria ilimkataza. Aliyechorwa kuwa mhusika wa mchezo wa simu alipaswa kufanana na mchoro wake, mpaka mashabiki wamchoke.

Aliyemchora alikuwa kaka yake, Tunje, mbunifu wa picha za michezo. Alimchora bila kumuuliza, akidhani anampa zawadi, na tangu hapo hajapata kuchora nywele nzuri kama zile.

"Kaka, si unaruhusiwa kuusahihisha mchoro?" Mbodze alimnong'oneza. "Nichore nina kipara, nami ninyolewe kwa ajili ya mama."

Tunje alijipapasa kichwa kilichotoka kunyolewa. "Nafasi ni moja tu, dada. Niliitumia mwaka jana."

Mbodze hakuuliza aliitumia kwa lipi. Alipitisha ulimi kwenye meno ya mbele, pale palipokuwa na mwanya aliourithi kwa mama yao. Mashabiki waliandika kwamba mwanya ule unamharibia shujaa wao tabasamu. Tunje akaona si neno, akauziba mchoroni, kazi ya dakika moja. Juma lililofuata Mbodze akaitwa hospitali, wakauziba na wake.

Shangazi alikuja na ungo, akikusanya nywele za wafiwa zikafukiwe kaburini. Alipofika kwa Mbodze alimpita, kama anavyopitwa mgeni aliyekuja kutoa pole.