Kamba ya Bi Mwanakheri

Kiwanda kipya kilitangaza kinataka makumbi ya nazi. Bi Mwanakheri aliona haya kupeleka taka, basi akayafukia topeni miezi kadhaa, akayaponda, akasokota pajani kamba nzuri, akaipeleka.

Fundi Machano alicheka. "Mama, sisi tunayayeyusha, tupate mafuta ya kuendeshea mashine. Lakini hata hii itafaa." Akaikatakata kamba, akaitia tangini.

"Haiyeyuki hiyo!" alisema Bi Mwanakheri. " Tope lenyewe limeshindwa kuiozesha."

Bi Mwanakheri alipoitwa siku chache baadaye, Machano alimpa kichupa cha maji maangavu yanayonuka kama spiriti. "Kamba yako hiyo, mama."

Mama alikigeuzageuza juani akitafuta japo uzi mmoja. Akaketi pale mlangoni, akajimiminia kidogo pajani, na kiganja chake kikaanza kusokota.