Dhoruba Isiyoonekana Matopeni

Tarehe 9 Agosti 2094. Asubuhi kulikuwa na baridi na upepo mkavu kutoka Ziwa Eyasi.

Kwa sheria yetu, dhoruba ya vumbi isiyoacha tabaka kwenye matope ya ziwa haikutokea, na aliyepotelea ndani yake ni mtoro. Mpimaji wa matope alileta majibu ya mume wangu, Qwaray, aliyepotelea dhorubani miaka mingi iliyopita.

"Mama Hhawu, matope ya mwaka ule ni safi. Mumeo alikukimbia."

"Mwanangu, pale ulipochimba ndipo tulipokwangua chumvi ya kupikia mwaka ule, vumbi la dhoruba likiwa juu yake. Kijiji kizima kilikula mboga zenye mchanga. Dhoruba ile tuliila!"

"Mchanga wa kwenye mboga siyo tabaka."

Jirani yangu Basilisa alicheka, kisha akajiziba mdomo.

Nimesali miaka yote jina la Qwaray lisomwe kanisani pamoja na marehemu wengine. Hata masomo ya jioni niliyaanza uzeeni ili niyaelewe matope hayo.

"Mtoro huhesabiwa yu hai," mpimaji akaendelea. "Sheria inataka uahidi kumngoja, mbele ya majirani."

Nilimwomba Mungu anisamehe, nikasema kwa sauti, "Naahidi kumngoja Qwaray mpaka arudi."

"Tumesikia," wakajibu majirani, wale wale niliokwangua nao chumvi.