Friji Chumbani kwa Mzee

"Inua, usiburute," mke alimwambia mumewe seremala, na friji ikapita mlango wa chumba cha mzee.

Joto la mwezi ule halikuwa na adabu. Mzee, baba yake seremala, alilala kifua wazi, moyo wake mgonjwa ukienda mbio. Daktari alikuwa ameonya jambo moja tu: asikae kwenye joto. Feni ilikuwa imeungua, na fundi aliyeichukua hakupatikana kwenye simu.

Mke aliichomeka friji, akaufungua mlango wake na kuuacha wazi. Akafunga dirisha. Alipotoka, akaziba upenyo wa chini ya mlango kwa taulo.

"Ubaridi usitoroke," alisema.

Tangu harusi mzee hakuwahi kumwita mwanamke huyu mkwe. Alimwita "yule wako." Chakula chake alikirudisha, salamu yake hakuitikia. Jioni ile, uso wake ukiwa umeelekea friji, alimshika mkono. "Mwanangu, Mungu akulipe."

Seremala alikwenda uani asionekane akilia. Kumbe alioa malaika, baba yake ndiye aliyechelewa kumwona.

Siku zilizofuata mzee hakuchangamka. Shuka zake zilikuwa chepechepe kwa jasho. Kila seremala aliponyoosha mkono kwenye dirisha, mkewe alimzuia.

"Unataka kumuua baba? Joto lote la nje liingie humu?"

Naye akaurudisha mkono.

Alhamisi asubuhi alimkuta mzee sakafuni, amejikokota mpaka kwenye friji, shavu limelala juu ya rafu. Hakuwa na uhai.

Habari kama hiyo haipelekwi kwa simu. Seremala alikwenda mwenyewe hadi shuleni anakofundisha mkewe, njia nzima akitafuta maneno ya kumfariji, maana mwanamke wa watu alijitahidi mno. Akasimama nje ya mlango wa darasa, akamsubiri amalize.

"Haya, marudio," mkewe alikuwa akisema. "Hili tulilisoma mwaka jana, asiniangushe mtu. Friji imeachwa wazi kwenye chumba kilichofungwa. Chumba kitapoa?"

"Hakipoi!" darasa zima likaitikia kwa kicheko. "Kinazidi kuwa na joto, mwalimu!"

"Kwa nini?"

"Friji haiui joto! Inalitoa ndani, inalimwaga nyuma yake humo humo chumbani, na joto la mota linaongezeka!"

"Safi kabisa," alisema mkewe, akachukua kifutio.