Samaki wa Sebuleni

Sjoerd aliiminya sifongo ya chujio la tangi la samaki chini ya bomba la maji moto mpaka ikaacha kutoa matope.

Binti wa duka la samaki alikuwa amemkanya. "Usiguse kitu, mzee. Maji yakiwa kama maziwa, yape wiki yatulie yenyewe. Ukiliosha chujio kwa maji moto utaua bakteria wanaowalinda samaki."

Lakini mkewe hakuwa na wiki. Leo alikuwa anarudishwa kutoka hospitalini aje kufia nyumbani, na alikuwa ameomba kitanda chake kiwekwe mbele ya tangi la samaki wake. Sjoerd akamwaga maji yote, akajaza mapya.

Wauguzi walipomlaza, tangi lilikuwa linang'aa.

"Umesafisha wewe?" mkewe akauliza kwa sauti ndogo. "Wewe ambaye hata kikombe chako huoshi?"

"Nimejifunza uzeeni."

Mkewe akatabasamu. Samaki wote walikuwa wamepanda juu, vinywa wazi, wakihema.

"Mbona wamejazana pale?"

"Wanakusalimia," Sjoerd akasema, akaupeleka mkono kwenye swichi ya taa ya tangi.

"Usizime. Nataka kuwatazama."