Dakika ya Mwisho ya Nyibol

Video ya Nyibol ilikwama kwa mara ya tatu, Kamande akasonya. Tovuti ilikuwa ya kuwatafutia watu ndugu waliopotezana nao vitani, na haikupokea video nzito. Mtandao wenyewe wa Lodwar ulikuwa wa kubembelezwa kama mtoto mgonjwa.

Programu ya kwanza ya kuipunguza uzito iliitunza picha vizuri, ila video ikabaki nzito vilevile. Ya pili iliikamua mpaka uso wa mama huyo ukawa madoa. Ya tatu ilikuwa afadhali, lakini nayo ilishindwa palepale, kwenye dakika ya mwisho. Kamande aliijua sababu: katika video, kinachosogea ndicho kinachokula nafasi, na dakika ile mama hakutulia.

Mwanzoni Nyibol aliketi wima, akataja jina lake na la mwanawe Mabior, aliyepotezana naye njiani wakikimbia. Kisha akanyamaza. Mikono ikaanza kuhangaika, mara kifuani, mara usoni, mara hewani. Kamande alimhurumia sana. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Na mama mwenyewe angeulizwa wapi? Alikuwa ameshapanda gari kurudi Sudan Kusini. Hakuwa na simu, na kijiji chao kilichomwa zamani. Kama Mabior yu hai, kilichobaki cha kumfikia ni hiyo video tu.

Kamande akampigia Achol, mkalimani wao wa Kidinka kule Kakuma, akamsikilizisha sauti kwenye simu.

"Hapo mwisho anasema nini?"

"Hakuna kitu anasema, Kamande. Amenyamaza tu."

"Naona amezidiwa na majonzi."

"Basi kata. Sisi tumechoka kuonyeshwa kwa watu tukiwa na majonzi."

Maneno hayo yalimwingia. Akakata pale mikono ilipoanza kuinuka. Video ikapanda bila taabu, uso wa Nyibol ukiwa safi, hata chale za kwenye paji zikionekana. Kamande alifurahi, na tusimnyime furaha yake, maana kazi aliifanya kwa moyo. Kadi ya kamera ilikuwa moja tu, na kule kambini akina mama wengine walikuwa wakiingoja warekodiwe. Akaifuta, akampa dereva wa Kakuma.

Miezi ikapita kimya. Kamande alikuwa ameshakata tamaa siku simu ilipolia.

"Naitwa Josiah, niko Kitale. Huyo Mabior mnayemtafuta ninaye hapa, kijana mzima sasa."

Kamande alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Amemtambua mama yake?"

"Amemtambua. Tangu asubuhi anairudia video, hataki kuondoka hapa kwenye kompyuta."

"Tafadhali, mpe simu nimsalimie."

"Simu haitamfaa, ndugu yangu. Huyu hasikii tangu kuzaliwa. Ila kuna jambo ananisukuma nikuulize: mbona mlimkata mama yake alipoinua mikono kumwambia amfuate wapi?"