Jiwe la Kinda

Mama Kanga alikuwa na kinda asiyetoa sauti, na jirani yake, Bata, alimsemea kila kitu. "Ana njaa huyu," alisema, akamjaza mtama. Kinda akazidi kunyong'onyea.

Mama akamfundisha: "Ukidonoa punje, una njaa. Ukidonoa jani, una kiu. Jiwe, hutaki."

Bata akacheka. "Shoga, ukimzoesha vijiwe, ataongea lini?"

"Anaongea sasa hivi. Tazama."

Kinda alikuwa anadonoa jani. Alipoletewa maji, alikunywa mpaka macho yakang'aa.

"Kabahatisha tu," Bata akasema, akimsogezea mtama tena. Kinda akalisukuma jiwe hadi miguuni pa Bata.

Bata akainama. "Haya, mwanangu, unataka nini?"

Na kwa mara ya kwanza, akangoja jibu.